Tano Iliyosikika Tatu

Mzee Waziri alikiweka kile kisanduku sikioni, akafumba macho, akasubiri. Hakusikia kitu. Akakigeuza, akasikiliza upande wenye matundu ya waya, na huko nako kimya. Taa tatu za kijani tu ndizo zilizokuwa zinapepesa, kama macho ya mtu aliyeingiwa na vumbi.

"Papa Waziri, ile haina na sauti," alisema Dorothée, mkuu wa ofisi, akijizuia kucheka. "Taa njo inaonesha kama iko natumika."

"Si mulisema ni radio, Madame?"

"Ni sawa na radio."

"Sasa radio ya bila sauti, muntu atajua namna gani kama iko nasema?"

Dorothée aligeukia tena kompyuta yake. Alikuwa fundi wa visima, binti wa Uvira mwenye miaka thelathini na moja, na mambo ya visanduku vile hakuyajua kumzidi mzee aliyesimama mbele yake. Alichojua ni kwamba kisanduku cha kwanza, kilichokuwa kinazipa kompyuta mtandao bila waya, kiliungua siku jenereta ilipopandisha umeme ghafla, na kwamba tangu siku hiyo kompyuta zote za ofisi zilikuwa bubu. Wakubwa wa shirika huko Ulaya walitaka ripoti za maji ya Baraka na Fizi kila Ijumaa. Ijumaa mbili zilikuwa zimepita.

Mambo ya mawasiliano yote yalikuwa ya Waziri, kwa hiyo hili nalo likawa lake. Tangu ujana wake alikuwa mtu wa foni, ile redio kubwa ya mezani inayosemesha mji na mji. Alianza katika kampuni moja ya pamba, vita vya kwanza vikaifunga, akakaa bila kazi miaka mitatu, kisha shirika hili la visima likamchukua. Sikio lake lilijulikana mwambao mzima. Mtu wa Kalemie akiita, Waziri angeweza kumwambia kwamba leo ana mafua. Na watu wa Baraka walipokuwa na ndugu waliokimbilia Tanzania walikuja dirishani kwake, wakangoja wamalize wenye kazi, wakamwomba awaitie. Binti yake mwenyewe, Kulthumu, alikuwa huko kambini, na wajukuu wawili ambao Waziri aliwajua kwa kilio chao tu.

Sasa mtu huyo alikuwa amepewa redio isiyosema.

Fundi wa kuja kuifunga alikuwepo. Aliitwa Bonaventure, kijana wa Bukavu, na ndiye aliyefunga ile ya kwanza. Lakini huo ulikuwa mwezi wa sita, mwaka 2004. Amani ilikuwa imekwisha kutiwa sahihi, watu wakapiga vigelegele, kisha Bukavu ikapiganiwa upya siku chache tu nyuma, na Baraka nzima ikarudi kufunga mizigo yake na kuiweka karibu na mlango. Bonaventure alifika Uvira, shirika likamkataza kuvuka hapo. Akakipandisha kisanduku kwenye boti ya wafanyabiashara, akatuma neno: Papa Waziri akifunge mwenyewe, yeye atamwelekeza kwa foni.

Jumanne saa nne asubuhi, Waziri alikaa mbele ya foni, daftari magotini, kalamu mkononi. Nyuma yake Dorothée alikuwa na kompyuta iliyounganishwa na kisanduku kwa waya wa buluu.

"Papa Waziri, sikia," ilisema sauti ya Bonaventure katikati ya mikwaruzo. "Ile borne iko na adresse yake. À toi."

Zamu ikawa ya Waziri, akakunja uso. Borne aliyoijua yeye ni jiwe la mpaka wa shamba. "Bien reçu, nimesikia. Borne ya nani? À toi."

"Ya kwetu! Kile kisanduku, Papa. Kinaitwa borne. Andika adresse: moja, tisa, mbili, point. Moja, sita, munane, point. Moja, point, moja. Madame aiandike fasi ya juu kwenye kompyuta, ukurasa utafunguka."

Waziri alirudia namba moja moja kwa sauti ile ile nzito aliyotumia kwa dawa, vifo na vizazi. Dorothée akaandika. Ukurasa ukafunguka kweli, umejaa maneno madogo ya Kiingereza, na vyumba vya kujaza kama fomu ya ubatizo.

"Jina ya mtandao: MAJI. Mike, Alpha, Juliett, India. Canal: kumi na moja. Sasa inabakia ufunguo. Na huo ufunguo, Papa, lazima uwe ule ule wa zamani, kwa sababu makompyuta yote nilishayawekea ule. Herufi na namba kumi. Ukikosea moja, hakuna kitu. À toi."

"Niko naandika. À toi."

"Ine. Bravo. Saba..."

Hapo hewa ikavurugika. Mfanyabiashara mmoja wa ng'ambo aliingia juu yao akiuliza magunia ya mahindi yamefika wapi, na sauti ya Bonaventure ikawa inakuja vipande vipande. Waziri aliinama hadi paji la uso likagusa chuma cha foni. Alipata zote kumi. Alizirudia, Bonaventure akasema "affirmatif", ndivyo, ingawa katika mikwaruzo ile hata yeye alikuwa anasikia nusu.

Dorothée alijaza ufunguo, akabonyeza panapostahili, akachomoa waya wa buluu. Kwenye kompyuta jina MAJI likatokea, na vijiti vitano kando yake, vyote vimejaa.

"Imekamata!" alisema.

Alifungua barua zake. Hazikufunguka. Alifungua kitu kingine, nacho kikazunguka, kikazunguka, kikakata tamaa. Vijiti vitano vilibaki pale pale vimejaa.

Waziri alitazama. Katika foni, unaposikia mtu vizuri, mtu huyo naye anakusikia, au angalau unajua kwa nini hakusikii. Hiki kilikuwa kinasema kinasikia vizuri kabisa, lakini hakijibu. Alikizima, akakiwasha. Alikihamishia dirishani. Alitoa antena moja, akairudisha. Mchana wote alikizunguka, na jioni alirudi nyumbani na daftari kwapani, akala bila kujua alichokula.

"Baba Kulthumu, unaumwa?" mkewe Salma alimwuliza.

"Siumwi. Kuna kitu nakiona na sikielewi."

"Kama ni hicho tu, kula samaki, ubaridi unamharibu."

Asubuhi yake, kabla hajamaliza kufungua madirisha ya ofisi, wanajeshi watatu waliingia uani. Hawakupiga kelele. Mmoja aliuliza kwa adabu kama yeye ndiye Waziri wa foni, akasema ndiye, wakamwambia achukue na buku yake ya kuandikia, kapiteni anataka kumwona.

Walimpeleka kwenye nyumba moja karibu na barabara ya kwenda Fizi. Wakati wa vita watu hawa walikuwa mlimani, wakipigana na wale walioushika mji. Amani ilipokuja walishuka, wakapewa magwanda mapya na vyeo. Kapiteni Bertin alikuwa kijana mnene mwenye sauti ya chini. Mezani kwake palikuwa na karatasi moja tu. Aliisoma polepole.

"Moja, tisa, mbili. Moja, sita, munane. Moja. Moja." Akainua macho. "Papa, hii ni position ya nani? Nani anakaa pale?"

Waziri alielewa papo hapo kwamba jana walikuwa wanaisikiliza foni yake. "Haiko position, mon capitaine. Ni adresse."

"Adresse ya nani?"

"Ya kisanduku."

"Kisanduku kinakaa fasi gani?"

"Pa meza. Kwa bureau."

"Sasa kama kinakaa pa meza, kiko na lazima ya adresse kwa kufanya nini? Nani atakitumia barua?"

Hilo ndilo swali ambalo Waziri naye alitaka kumwuliza Bonaventure jana, akaona aibu. "Mon capitaine, kwa kusema kweli, mi mwenyewe sielewe muzuri."

"Uliandika kitu hauelewe?"

"Niliandika venye aliniambia."

"Canal kumi na moja. Sisi twiko na radio hapa, tunaikamata kila fasi. Canal kumi na moja hatukusikia muntu hata mumoja. Banasema nini pale?"

"Hakuna sauti. Ni... inapita bila sauti."

Mmoja wa wanajeshi mlangoni alihamisha bunduki kutoka bega hili kwenda lile.

"Na jina," kapiteni alisema taratibu zaidi. "MAJI. Nani alichagua hilo jina?"

Hapo Waziri aliogopa kweli. Kila mtu wa Fizi alijua kwamba watu wa mlimani walinyunyiziwa maji kabla ya kwenda vitani, na kwamba jambo hilo halichezewi. "Ni juu ya visima, mon capitaine. Tunatengeneza visima. Haiko maji ya... haiko ile ingine."

"Tena ufunguo. Ufunguo wa mulango gani?"

"Hakuna mulango."

Waziri alijisikia akizungumza, na kila neno aliloongeza lilikuwa linamzamisha. Katika maisha yake alikuwa amehojiwa mara nyingi, na waasi, na wanajeshi, na watu wasiosema ni nani. Siku zote alijitetea kwa kusema ukweli wazi. Leo ukweli wenyewe ulikuwa unafanana na uongo. Kama yeye ndiye angekuwa nyuma ya meza ile, angejifunga.

Kapiteni aliita kuelekea chumba cha nyuma. "Albert! Kuya huku."

Akatoka mtu mwembamba wa makamo, miwani imefungwa kwa uzi upande mmoja. Alisimama, akamtazama Waziri kwa namna ambayo Waziri hakuielewa, kama mtu anayelinganisha sura na picha.

"Njo ule muntu wa foni?" kapiteni aliuliza.

"Sema kitu, Papa," Albert alimwambia Waziri.

"Niseme nini?"

"Basi. Njo yeye." Albert alikaa kwenye benchi. "Mon capitaine, huyu muzee namusikiliza tangu 2000. Kila siku. Nilikuwa mulimani na radio na buku, kazi yangu ilikuwa kusikiliza foni ya Baraka. Uongo hajue. Siku moja chefu wake wa zamani alimuambia aseme gari iko nzima, na ilikuwa imekufa. Alikohoa mara tatu kabla ya kusema. Jana hakukohoa."

Waziri alimkodolea macho. Alikuwa anakumbuka siku hiyo, na kikohozi hicho.

"Binti yako alizaa mapacha kule kambini," Albert aliendelea, sasa akimwambia Waziri mwenyewe, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Wa pili alitoka anakaa kimya. Ulisema 'rudia' mara tano. Mi pia nilikuwa naomba huko juu, asikufe."

Mtu angeambiwa maneno hayo na jirani, angeshukuru. Waziri hakujua afanye nini na uso wake. Miaka yote ile alidhani chumba cha foni ni chumba. Kumbe kilikuwa hakina kuta.

Kapiteni aliuliza maswali mengine mawili, matatu, lakini uzito ulikuwa umemtoka. Mwishowe alisema kwamba Waziri anaweza kwenda, ila daftari litabaki mpaka mtu anayejua mambo hayo apatikane, na kwamba namba zisisomwe tena hewani bila yeye kupewa habari.

Albert alimsindikiza hadi barabarani. Pikipiki iliyobeba kuku ilipita, vumbi la kiangazi likawafunika wote wawili, wakangoja litulie.

"Bila ile buku utafanya aje?" Albert aliuliza.

"Hata na buku, kisanduku kilikatala."

"Najua. Nilisikia ukirudia. Uliandika tatu." Albert alitoa mfukoni kipande cha karatasi kilichokunjwa mara nne. "Alisema tano. Ya ine: tano. Ule wa mahindi aliingilia, lakini antena yetu iko juu ya kilima, sisi tulisikia muzuri."

Waziri aliikunjua. Herufi na namba kumi, kwa mwandiko wa mwalimu, zimepangwa vizuri: nne, B, saba, tano na kuendelea.

"Juu ya nini unanipatia?"

Albert alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Hakujibu swali aliloulizwa. "Kuna kitu ingine nataka nikuambie, Papa. Ile gari ya dawa, mwaka 2001, yenye ilisimamishwa njia ya Lweba. Wewe ulisema kwa foni saa ya kutoka. Mi niliandika, nikapeleka kwa chefu wangu. Sikuwaza kama batamupiga chauffeur. Niliwaza batachukua dawa tu. Sisi pia tulikuwa na bagonjwa."

Kisha akaaga, akarudi ndani, kama mtu aliyekuja kuleta mzigo akautua.

Waziri alitembea hadi ofisini bila kuona watu waliomsalimia. Dereva wa gari lile aliitwa Vainqueur. Walimvunja mkono, ukapona vibaya, hakuendesha tena. Tangu hapo hakumpa Waziri mkono wala salamu, kwa sababu saa ya kuondoka waliijua watu wawili tu, yeye na mtu wa foni. Waziri alikuwa amewaza sana mambo hayo. Aliwahi hata kumshuku mpishi wa ofisi. Na sasa Waziri alikuwa amempata aliyeyafanya, na mtu huyo huyo ndiye aliyemtoa mikononi mwa kapiteni, tena akampa tano.

Dorothée alimpokea mlangoni machozi yakimlengalenga. Alikuwa amezunguka nusu ya mji akimtafutia watu wa kumwombea. Waziri alimwambia kwanza walete ule waya wa buluu. Walifungua ule ukurasa wa vyumba, wakafuta tatu, wakaweka tano. Wakachomoa waya.

Barua ziliingia. Themanini na tatu, moja baada ya nyingine, Dorothée akizitazama kama mtu anayetazama mvua baada ya kiangazi. Alimkumbatia, akaenda kuita wengine. Waziri alibaki na kisanduku. Aliinama tena kukisikiliza, si kwamba alitarajia kitu.

Siku ile jioni waliongea na Bonaventure kwa foni, bila namba.

"Félicitations, Papa! À toi."

"Merci. Niko na swali. Haya maneno yanapita humu, nani anayasikia? À toi."

"Hakuna muntu. Bila ufunguo, hakuna mwenye atasikia. À toi."

Waziri alishika kipaza sauti, akafikiria mtu mwenye miwani ya uzi, juu ya kilima, kalamu mkononi. Ufunguo ule ulikuwa kwenye buku yake, kwa mwandiko mzuri. Alitaka kulisema hilo. Lakini hapo hapo akajua kwamba akilisema hewani, Albert atalisikia. "Bien reçu," alisema. "Terminé." Akaizima foni.

Nyumbani alimsimulia Salma yote. Salma alisikiliza akichambua mboga, mpaka mwisho.

"Sasa huyo Albert ni adui ao ni ndugu?"

"Sijui."

"Lakini utamwambia Vainqueur."

"Nitamwambia," alisema Waziri, na aliposema alidhani ni jambo jepesi.

Alikwenda Ijumaa, baada ya sala. Vainqueur alikuwa mbele ya nyumba yake kando ya ziwa, akiuza petroli ya mitumbwi kwenye chupa. Mkono wa kushoto ulikuwa umepinda kama tawi. Alimwona Waziri akija, akajifanya anahesabu chupa. Waziri hakukaa, kwa kuwa hakukaribishwa. Alisema alichokuja kusema: kwamba ni kweli habari ilitoka mdomoni mwake, kwa sababu kazi yake ilikuwa kusema, lakini hakumwuza mtu, kuna aliyekuwa anasikiliza mlimani, akaandika, akapeleka.

Mtoto alikuja na chupa tupu, akapewa iliyojaa, akaenda.

"Miaka tatu," Vainqueur alisema. "Miaka tatu nakuchukia, Papa Waziri. Kila asubuhi. Sasa nifanye nini na ile yote?"

Waziri alitazama mitumbwi ziwani.

"Na ule muntu," Vainqueur aliuliza, akinyanyua uso kwa mara ya kwanza, "unamujua? Iko hapa Baraka?"

Nyumba ile ya kapiteni ilikuwa mwendo wa dakika kumi na tano tu. Waziri alikohoa. Akakohoa tena.

"Hapana," alisema. "Nilisikia tu. Sijue ni nani."

Vainqueur alimsogezea kiti cha plastiki, akaingia ndani kumtafutia maji ya kunywa. Waziri alikaa. Alitazama mikono yake magotini, akijaribu kuelewa kwa nini amesema vile, na kama Vainqueur akirudi ataweza kusema vingine.